Kubadilisha padi ya mfuniko wa buti kwenye gari la zamani: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yale yale kila mwezi. "Fundi, niweke sponji gani?" "Gundi ya viatu itashika?" "Mbona nimebandika juzi na tayari inaning'inia?" Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kondele, mtaa wa hapa Kisumu, alinijia na Datsun 1200 ya babake. Alipofungua buti, padi nzima, yaani ile sponji inayobandikwa ndani ya mfuniko, ilimshukia kichwani kama ugali unaopinduliwa kwenye sinia. Alikuwa ameibandika siku kumi tu zilizopita. Tulicheka, tukamtoa gundi kwenye nywele kwa mafuta ya kupikia, kisha nikaamua kuyaandika yote mahali pamoja, ili akija mwingine nimpe asome mimi nikiendelea na spana zangu.

Niko Kisumu sasa, lakini kazi nilianzia Nakuru. Nitaitaja miji yote miwili kwa sababu gundi haina tabia moja pande hizo. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake za Julai zinauma. Kisumu iko mita 1,130 hivi, joto lipo na unyevu wa ziwa upo. Gundi ya mkebe mmoja, ukiigawa nusu kwa nusu, hukauka namna mbili.

Lishike hili kabla ya mengine: kazi hii ni ya kubandua kuliko kubandika. Ukitenga siku mbili, moja na nusu itaishia kwenye kukwangua, kuosha na kupambana na kutu. Kubandika kwenyewe ni saa moja. Wanaoanza hugeuza hesabu hiyo, ndiyo maana wanarudi.

Na lililo chini ya hayo yote ni maji. Nilipoinunua Peugeot 504 yangu (jina lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, kwa hiyo bei nayo haikuwa ya huruma), mwenyewe wa zamani alikuwa amebandika sponji ya godoro ndani ya mfuniko wa buti, ile ya njano, unene wa inchi mbili, na juu yake kipande cha zulia. Ilionekana nadhifu. Nikaibonyeza kwa kidole gumba, maji ya rangi ya chai yakanitiririka hadi kwenye kiwiko. Haikuwa imenyesha kwa siku nne. Nyuma ya ile sponji bati lilikuwa limelika mpaka kalamu ingepita. Kwa hiyo nikikwambia usiweke hiki au kile, mara nyingi ni yale maji ya chai ninayoyakumbuka.

Padi inafanya nini, kwa ufupi

Mfuniko wa buti ni bati pana na jembamba. Kwenye barabara ya murram hulia kama debe. Jua likiupiga, joto lote hushuka ndani, na usiku ukipoa hutoa jasho kwa ndani. Padi hupunguza hayo matatu. Haiondoi mlio wa ekzosi, haizuii moshi kuingia kwenye buti, wala haiponyi raba ya kuzunguka buti iliyokufa.

Sponji ipi?

Hapa ndipo pesa hupotea. Muuzaji atakwambia "hii haipitishi maji, mzee wangu" kuhusu kila kitu kilicho dukani, hadi kamba. Usibishane naye. Omba kipande cha upana wa vidole vitatu, nenda nacho nyumbani, kizamishe kwenye bakuli la maji na ukikandamize kwa jiwe kilale humo hadi asubuhi. Kikishakucha, kitoe, kifute nje kwa kitambaa, kisha kiminye kwa nguvu. Kikitoa maji, kirudishie godoro lake. Kikibaki kikavu ndani, kina vipovu vilivyofungwa kimoja kimoja, na hicho ndicho unachotaka.

Ninachotumia mara nyingi ni ile sponji nyeusi ya mafundi wa viyoyozi na friji, wanayovalisha mabomba. Huuzwa pia kama karatasi pana. Unene wa milimita 6 hadi 10 unatosha kwa mfuniko; zaidi ya hapo buti halifungi vizuri au padi inasuguana na mizigo.

Felti, ile ya nyuzi zilizosongwa, ndiyo waliyotumia viwandani kwenye magari mengi ya zamani, na kama unataka gari lirudi kama lilivyozaliwa, huna budi. Lakini felti hunyonya. Iweke ikiwa tu raba ya buti ni nzima na gari linalala ndani.

Mkeka wa butili (raba nzito inayonata) wenye foili ya alumini unaua mlio kuliko vyote, lakini ni mzito. Huna haja ya kufunika bati zima. Vipande vinavyofunika robo hivi ya eneo, katikati ya kila uwazi kati ya mbavu za ndani zinazoimarisha bati, vinatosha kunyamazisha debe. Juu yake ndipo unabandika sponji.

Wengi pia huniuliza kuhusu ile karatasi ya kung'aa yenye vipovu inayowekwa chini ya mabati ya nyumba. Inarudisha joto pale tu upande unaong'aa unapotazama nafasi ya hewa. Ukiibandika tumbo kwa tumbo na bati, faida yake kubwa imeisha, na mlio haiguzi. Iache kwenye paa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Sponji ya kutosha mfuniko mzima na ziada ya kama sehemu moja kwa kumi. Utakosea mahali.
- Gundi ya kupakwa pande zote mbili, kwenye bati na kwenye sponji, inayostahimili joto, angalau nyuzi 80. Soma mkebe. Nusu lita inatosha buti la gari la saluni.
- Brashi mbili za bei ya chini za inchi mbili, au kipande cha bati laini cha kupakia.
- Skrepa ya plastiki. Kifuniko cha ndoo ya rangi ukikikata ukingo mnyoofu ni skrepa nzuri kuliko nyingi za kununua.
- Bloa ya kukaushia nywele.
- Mafuta ya taa, sabuni ya vyombo, spiriti, vitambaa vingi vya pamba.
- Msasa namba 120 na 240, brashi ya waya, dawa ya kugeuza kutu, praima ya zinki.
- Karatasi ya khaki iliyo pana, chaki ya fundi cherehani, rula ya chuma, kisu chenye wembe wa kubadilisha. Nunua nyembe za ziada.
- Kipini cha chapati au chupa ya soda, kwa kukandamiza.
- Glavu, miwani, barakoa inayochuja mvuke, si ya kitambaa.
- Ubao wa kuegemeza mfuniko, na mtu wa pili kwa nusu saa.

Kuna jambo moja ambalo si kitu cha kununua: ratiba. Padi huwekwa baada ya kuchomelea, kunyoosha bodi na kupiga rangi. Nimeona mtu akibandika sponji mpya, kisha akalipeleka gari kwa fundi kuchomelewa bawaba. Cheche moja ilitosha, na moshi wa sponji hiyo ni sumu. Ukishapiga rangi, ipe nafasi ikomae kadiri ulivyoelekezwa na mpiga rangi kabla ya kugusa upande wa ndani kwa kiyeyushi chochote.

Hatua kwa hatua

1. Piga picha, kisha toa kila kitu. Picha za kila kona, hasa nyaya zinavyopita na klipu zilivyokaa. Tenganisha waya wa betri upande wa hasi. Toa taa ya buti, taa ya namba kama iko kwenye mfuniko, kitasa na fimbo zake. Weka skurubu kwenye mikebe tofauti na uandike. Klipu za zamani zimekauka: zipashe joto kidogo kwa bloa kabla ya kuzing'oa, na zile zitakazosalimika uzitunze hata kama umenunua mpya, kwa sababu mpya mara nyingi shingo yake ni fupi.

2. Amua: mfuniko ubaki au utoke? Ukibaki, utafanya kazi ukiwa umeinama na gundi ikikudondokea kwenye paji la uso. Ukitoka, utaulaza chali juu ya blanketi na mvuto wa dunia utakufanyia kazi. Gari lililo kwenye ukarabati mkubwa, mimi huutoa. Chora mstari wa penseli kuzunguka kila bawaba kwanza, mtu wa pili ashike, ndipo ulegeze bolti. Onyo: magari mengi yana fimbo za chuma zilizosokotwa au springi zinazoinua mfuniko. Zina nguvu ya kuvunja kidole. Kama hujawahi kuziachilia, acha mfuniko mahali pake na uuegemeze kwa ubao. Usitegemee springi za miaka 50 zikushikie bati juu ya shingo.

3. Bandua padi ya zamani ikiwa imelowa. Nyunyizia maji yenye sabuni kidogo, subiri, kisha anza kwenye kona. Kulowesha si mbwembwe. Padi nyingine ni za nyuzi za kioo, zitakuwasha siku mbili. Na asbesto (nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu) ilitumika kwenye magari ya zamani, hasa breki na gasketi, na kwa macho huwezi kujua kama felti ngumu ya kijivu iliyo mbele yako inayo au haina. Kwa hiyo usisage kavu, usipulize kwa hewa ya kompresa, na usifagie vumbi lake. Funga taka kwenye gunia wakati bado ni mbichi. Vaa barakoa. Kipande kikubwa kikitoka kizima, kihifadhi. Ndicho patani yako ya kwanza, yaani kielelezo cha kukatia sponji mpya.

4. Ondoa gundi ya zamani. Hapa ndipo uvumilivu unapimwa. Gundi nzee hugeuka ama kuwa kama asali ngumu ama kuwa unga wa kahawia. Ile ya unga hutoka kwa skrepa peke yake. Ile ya asali, ipashe kwa bloa hadi ianze kung'aa, kisha sukuma kwa skrepa ya plastiki kwa pembe ya chini, ukiikusanya kwenye ukingo. Bloa iwe inatembea, na mkono wako mwingine uwe upande wa nje wa bati: mkono ukishindwa kuvumilia, rangi nayo imeshindwa. Nimeshaona mfuniko uliotoka kupigwa rangi ukiota malengelenge matatu makubwa kwa sababu mtu alitumia mashine ya joto ya kuchubulia rangi kwa sekunde chache mahali pamoja.

   Mabaki yaloweshe kwa mafuta ya taa kwenye kitambaa, yakae dakika kumi, sugua. Thina ina kasi zaidi lakini inakula rangi mbichi; ijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Petroli usiiguse. Najua babu yako aliitumia.

   Mafuta ya taa huacha utando wa mafuta, na gundi mpya haishiki juu ya mafuta. Kwa hiyo osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, kausha, kisha pangusa kwa spiriti kwa kitambaa cheupe. Geuza kitambaa na upanguse tena. Kikiendelea kutoka na rangi ya chai, bado. Yule kijana wa Kondele aliishia kwenye mafuta ya taa. Hilo tu ndilo kosa lake.

5. Kutu na matundu. Sasa bati liko wazi, litazame kwa tochi, hasa ukingo wa chini pale bati la nje linapokunjwa juu ya la ndani. Kutu ya juu juu ni ya brashi ya waya na msasa 120, halafu 240. Iliyobaki kwenye vinyweleo ipake dawa ya kugeuza kutu, ambayo nyingi hugeuka nyeusi zikishafanya kazi, kisha praima ya zinki mara mbili. Kukiwa na tundu, simama hapo. Lipelekwe kwa fundi wa bodi likatwe na kuchomelewa. Kulifunika kwa padi ni kulipa kutu kodi ya nyumba.

   Katika ukingo wa chini kuna vijitundu vya kutolea maji. Vizibue kwa waya na uviwekee alama ya chaki. Hivyo havifunikwi na chochote, siku zote.

6. Pima raba ya buti kabla ya kuendelea. Paka chaki kwenye raba yote, funga buti, fungua. Chaki iache mstari usiokatika kwenye ukingo wa mfuniko. Mahali usipouona mstari, maji yanapaona. Njia nyingine: funga buti juu ya noti ya shilingi mia, kisha ivute. Ikitoka bila kukwama, raba imelala. Kama umeutoa mfuniko, kipimo hiki ulipaswa kukifanya kabla, nami nilipaswa kukiandika juu zaidi. Urudishe kwa bolti mbili upime.

7. Tengeneza patani. Tandaza karatasi ya khaki juu ya uwazi uliopo kati ya mbavu za mfuniko, ishike kwa tepu, kisha sugua kwa ubavu wa chaki. Kingo za mbavu zitajichora zenyewe. Weka alama ya kila kitu kisichofunikwa: nati za beji, kitasa, njia ya nyaya, bolti za bawaba, vijitundu vya maji. Acha nafasi ya milimita 10 hadi 15 kuzunguka hivyo vyote. Siku moja utahitaji kuingiza spana kwenye nati ya beji, na utajishukuru.

   Sasa andika kwa herufi kubwa: UPANDE HUU UNAKUTAZAMA, na mshale wa kuelekea kitasa. Nakusihi. Mfuniko wa kwanza nilioufanya Nakuru, nilikata vipande vinne maridadi kabisa, vyote vimegeuzwa. Mfuniko ukiwa na umbo sawa kushoto na kulia haina neno, lakini kitasa cha gari lile kilikuwa na fimbo upande mmoja. Nilikaa nikivitazama kama mtu aliyevaa shati nje-ndani kanisani. Ilibidi ninunue sponji upya.

8. Kata. Laza sponji kwenye ubao, weka patani, chora, kata kwa wembe mpya ukiburuta mara moja kwa uzito mmoja. Usikate kwa mkasi. Unaminya sponji na ukingo unatoka umeinama. Kata ndani ya mstari kwa milimita mbili au tatu. Sponji iliyobana kati ya mbavu husukumwa na joto ikainua mgongo katikati.

9. Jaribu bila gundi, na upime uzito. Panga kila kipande mahali pake kwa tepu, funga buti taratibu, fungua. Kikigusa raba au mizigo, punguza sasa. Kama umeweka butili, weka vipande vyako vyote kwenye mizani ya sokoni kabla ya kubandika. Kama buti lako lilikuwa linainuka lenyewe kwa shida, kilo mbili za ziada zitalifanya lisiinuke kabisa.

10. Chagua saa ya gundi. Kisumu, mimi hubandika kati ya saa tatu na saa sita asubuhi. Ziwa lina mazoea ya kutuletea mvua ya alasiri, na hewa ikijaa unyevu, kiyeyushi kinapoondoka hupoza gundi na umande unakaa juu yake. Unaona utando wa maziwa. Gundi yenye utando huo haishiki hata uikalie. Nakuru shida ni baridi: subiri saa nne jua lianze kupasha bati, na mkebe wa gundi uwe umelala ndani ya nyumba, si kwenye gari. Shida nyingine ya Nakuru ni vumbi lile laini jeupe. Mwagia sakafu maji nusu saa kabla, na funga mlango upande wa upepo, ukiacha mwingine wazi.

    Onyo: mvuke wa gundi hii unalevya na unawaka. Hakuna jiko la makaa karibu, hakuna sigara, hakuna kuchomelea banda la jirani. Ukiona kichwa kinakuwa chepesi, toka nje. Na mkebe usiuache wazi mahali watoto wanapita. Sote tunajua mitaani gundi hiyo inatumiwaje.

11. Paka na usubiri. Paka bati tabaka jembamba, paka sponji tabaka jembamba. Pande zote mbili. Kisha kaa chini. Dakika 10 hadi 15 kwa kawaida, ila mkebe wako ndio mwenye neno la mwisho. Kipimo ni mgongo wa kidole: gusa, ukihisi inanata lakini hakuna gundi inayobaki kwenye ngozi, iko tayari. Ikivutika kama uzi, bado. Wasio na subira hubandika ikiwa majimaji. Kiyeyushi hunaswa nyuma ya sponji, na jua la kwanza hukigeuza kuwa malengelenge.

12. Bandika kutoka katikati. Gundi hii ikigusana haijui kusamehe. Huwezi kusogeza kipande tena. Kwa kipande kikubwa, weka karatasi mbili za khaki kati ya bati na sponji, ziache mwanya wa kiganja katikati. Gundi iliyokauka haishiki khaki. Panga sponji sawasawa, bonyeza katikati pale penye mwanya, hakikisha kingo ziko sawa pande zote, kisha vuta karatasi moja taratibu huku ukikandamiza nyuma yake, halafu ya pili. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, khaki haikosekani hata kwa mama mboga, kwa hiyo huna kisingizio.

    Pitisha kipini cha chapati kutoka katikati kwenda nje, kwa uzito. Kingo uzibonyeze kwa kidole gumba, sentimita kwa sentimita. Gundi hii hushika kwa nguvu ya mkandamizo, wala si kwa muda wa kushikilia.

13. Iache. Saa 24 buti likiwa wazi, gari likiwa kivulini. Usirudishe taa na kitasa kabla ya hapo. Kisha rudisha kila kitu kwa kufuata picha, na mfuniko kwa kufuata mistari ya penseli kwenye bawaba.

Mambo yakienda kombo

*Padi inaning'inia katikati lakini kingo zimeshika.* Gundi ilipakwa upande mmoja tu, au ilibandikwa mbichi. Bandua sehemu iliyolegea bila kuipasua, safisha kwa spiriti, paka pande zote mbili tena, subiri, bonyeza. Usidunge sindano ya gundi ndani kama nionavyo wengine wakifanya, haitakauka huko.

*Inaachia kila jua linapokuwa kali.* Gundi haistahimili joto. Gundi ya kawaida ya viatu hulegea, hasa kwenye gari jeusi lililoegeshwa nje mchana. Hakuna njia ya mkato, rudi hatua ya nne.

*Buti linanuka siku nyingi.* Wiki ya kwanza ni kawaida. Acha wazi kila jioni. Ikizidi hapo na harufu ni ya ukungu, kuna maji mahali. Toa zulia la sakafu ya buti na uguse chini yake.

*Maji bado yanaingia ingawa raba ilipita kipimo cha chaki.* Mtu mmoja aingie kwenye buti na tochi (viti vya nyuma vikitoka, ni rahisi na salama zaidi), mwingine amwagie maji ya mpira kuanzia chini kwenda juu. Mara nyingi ni gasketi za taa za nyuma, au matundu ya pini za beji.

*Buti linaanguka lenyewe.* Umeongeza uzito kuliko springi zilivyoweza, au springi zilikuwa zimechoka na padi imekufichulia tu. Punguza butili kwanza. Baadhi ya magari yana matundu matatu au manne ya kuongeza mkazo wa ile fimbo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye chombo chake.

*Alama za mbavu zinaonekana upande wa nje wa rangi.* Joto la bloa lilizidi au thina ililoweka. Acha bati likae juani wiki mbili tatu, wakati mwingine alama hupotea. Zisipopotea, ni za mpiga rangi.

*Bado kuna mlio.* Kabla hujanunua butili zaidi, endesha gari polepole kwenye barabara mbovu na mtu akisikiliza nyuma. Yangu ililia ng'we-ng'we miezi miwili baada ya kazi yote hii, nami nikawa nimeshaanza kupanga kubandua upya. Ilikuwa spana ya magurudumu, imelegea nyuma ya jeki.